Ardhi ya viwanda Mumbai: Jinsi maneno machache ya kanuni yalivyoamua sura ya jiji

KATIKATI ya jiji la Mumbai, nchini India, minara ya vioo yenye ofisi, hoteli na makazi ya mabwanyenye imesongamana na dohani kuukuu za matofali ambazo hazijatoa moshi kwa miongo kadhaa.

Dohani hizo ni masalia ya viwanda 58 vya pamba ambavyo vilimiliki ardhi ya takriban ekari 600 katika mitaa ya Parel, Lalbaug, Worli na Byculla. Katika muda usiozidi kizazi kimoja, ardhi iliyokuwa ikiwapa riziki wafanyakazi wapatao 250,000 imegeuka na kuwa miongoni mwa viwanja ghali zaidi barani Asia.

Mabadiliko kama hayo yameshuhudiwa katika miji mingi ya Asia inayokua kwa kasi. Viwanda hufungwa au kuhamishiwa pembezoni mwa mji, nazo benki, maduka makubwa na nyumba za kifahari hutwaa nafasi yake.

Aghalabu watu huamini kwamba hayo ni matokeo ya soko tu. Kwamba ardhi humwendea anayeweza kuilipia. Kisa cha Mumbai kinaonyesha vinginevyo. Huko, swali la nani angefaidi ardhi ya viwanda lilitegemea mno tafsiri ya maneno mawili katika kanuni ya ujenzi: "ardhi wazi".

Mji uliosimikwa juu ya pamba

Mumbai, ambayo hadi mwaka wa 1995 ilijulikana rasmi kama Bombay, imejengwa juu ya rasi nyembamba iliyotokana na visiwa saba vilivyounganishwa kwa kujaza bahari kifusi. Kwa kuwa imezungukwa na maji, haina nafasi ya kupanukia ila upande wa kaskazini.

Kampuni ya kwanza ya kusokota pamba kwa mitambo ya mvuke iliasisiwa huko mnamo 1854 na mfanyabiashara Cowasji Davar, na kiwanda chake kikaanza kazi miaka miwili baadaye. Vingine vilifuata kwa wingi, hususan baada ya faida kubwa iliyopatikana katika biashara ya pamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu kutoka 1861 hadi 1865.

Vita hivyo viliathiri pia Afrika Mashariki. Kitambaa kilichopendwa sana pwani na bara wakati huo kiliitwa marekani kwa sababu kilitoka katika viwanda vya nchi hiyo. Biashara hiyo ilipovurugika, na kadiri viwanda vya Bombay vilivyoongezeka, ndivyo vitambaa kutoka India vilivyozidi kutwaa nafasi katika masoko ya Unguja na kwingineko.

Baadaye, katika miongo iliyotangulia Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya pamba ya Uganda ilisafirishwa kwa reli hadi Mombasa na kupakiwa melini kuelekea Bombay.

Wafanyakazi wa viwanda hivyo walitoka mashambani, hasa katika maeneo ya Ratnagiri, Satara na Kolhapur. Waliishi katika majengo yaitwayo chawl, ambamo kila familia ilikuwa na chumba kimoja, huku ubaraza, mabomba ya maji na vyoo vikitumiwa na wote. Majengo hayo yalikuwa mithili ya landi walizojengewa wafanyakazi wa reli humu nchini enzi za ukoloni.

Eneo lote likapewa jina Girangaon, yaani kijiji cha viwanda. Mfanyakazi alitembea kwa miguu hadi kazini, akanunua chakula jirani na kushiriki katika vyama, michezo ya kuigiza na sherehe za mtaa. Makazi na kazi vilikuwa kitu kimoja.

Mgomo ambao haukufungwa

Kufikia miaka ya 1970, mambo yalikuwa yamebadilika. Wenye viwanda hawakuwa wamewekeza vya kutosha katika mitambo mipya, ilhali karakana ndogo za kufuma kwa umeme, mathalani zile za mji wa Bhiwandi nje ya jiji, zilitengeneza vitambaa kwa gharama ndogo na kwa vibarua wasio na chama cha kuwatetea.

Mnamo Januari 18, 1982, takriban wafanyakazi 250,000 waligoma chini ya uongozi wa Dkt Datta Samant. Walitaka nyongeza ya mishahara na marupurupu. Aidha, walipinga sheria ya mwaka wa 1946 iliyotambua chama kimoja tu cha wafanyakazi katika sekta hiyo, chama ambacho wengi wao hawakuwa na imani nacho.

Mgomo huo ulidumu zaidi ya mwaka mmoja na haukuwahi kutangazwa rasmi kuwa umekwisha. Njaa ndiyo iliyowalazimu wengi kurejea kazini au makwao mashambani. Viwanda kadhaa havikufunguliwa tena, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi walipoteza ajira. Samant mwenyewe aliuawa kwa kupigwa risasi mnamo Januari 1997.

Hapo ndipo hesabu za wenye viwanda zilipobadilika. Majengo yao yalikuwa katikati ya jiji, kati ya njia mbili kuu za reli, na baina ya mtaa wa zamani wa kibiashara upande wa kusini na vitongoji vilivyokuwa vikipanuka kaskazini. Ardhi iliyokuwa chini ya mitambo ikawa na thamani kuliko kitambaa chochote ambacho mitambo hiyo ingefuma.

Mwenye kiwanda alipofikia hali hiyo, hakuwa tena na sababu ya kununua mitambo mipya. Kila mwaka uliopita bei ya kiwanja ilipanda, nacho kiwanda kikawa mzigo juu ya hazina.

Mpango wa mafungu matatu

Kwa miaka mingi, mipango ya jiji ilikuwa imeitenga ardhi hiyo kwa matumizi ya viwanda pekee. Mwenye kiwanda hangeweza kujenga ofisi au nyumba za kuuza hata kama kiwanda kilikuwa kimefungwa.

Mnamo 1991, serikali ya jimbo la Maharashtra ilianzisha kanuni mpya za ustawishaji wa jiji. Kanuni nambari 58 iliruhusu ardhi ya viwanda vya pamba itumiwe kwa shughuli nyingine, lakini kwa sharti kwamba igawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, takriban thuluthi moja, lingekabidhiwa baraza la jiji kwa ajili ya bustani, viwanja vya michezo na huduma za umma. La pili, ambalo pia lilikaribia thuluthi moja, lingeenda kwa MHADA, mamlaka ya nyumba ya jimbo hilo, ili kujenga makazi ya watu wa kipato cha chini. Fungu lililosalia lingebaki mikononi mwa mwenye kiwanda, naye angelijenga na kuliuza kwa bei ya soko.

Isitoshe, mmiliki hakuachwa mikono mitupu kwa sehemu aliyoitoa. Angefidiwa kwa kupewa haki za ujenzi, ambazo angezitumia au kuziuza ili zitumiwe kuongeza ghorofa katika viwanja vya maeneo mengine ya jiji.

Mantiki ya mpango huo ilikuwa bayana. Thamani ya ardhi ilikuwa imepanda kwa sababu ya reli, barabara, maji na jasho la maelfu ya watu, wala si kwa juhudi za mmiliki pekee. Baadhi ya viwanja hata vilikuwa vimekodishwa kwa wenye viwanda kwa malipo madogo mno. Kwa hivyo ilikuwa haki kwamba umma upate sehemu ya faida.

Katika jiji ambalo nafasi ya wazi hukadiriwa kuwa zaidi kidogo tu ya mita moja ya mraba kwa kila mkazi, fursa hiyo haikuwa ndogo. Iwapo viwanda vyote vingefuata kanuni ya 1991, ekari zipatazo 200 zingekuwa bustani na viwanja vya umma, na nyingine karibu idadi hiyo zingepata nyumba za bei nafuu.

Mnamo 1996, serikali ya jimbo iliunda jopo lililoongozwa na msanifu majengo mashuhuri, Charles Correa, kuchunguza jinsi ardhi ya viwanda vya shirika la serikali kuu, National Textile Corporation, ingeweza kupangwa kwa pamoja. Faida ya mpango wa pamoja ni kwamba vipande vya kila kiwanda vingeunganishwa kuwa bustani kubwa na barabara zinazopitika, badala ya kila mmoja kuacha kijisehemu nyuma ya ukuta wake.

Maana ya "ardhi wazi"

Hata hivyo, ni wamiliki wachache waliojitokeza. Wengi waliona kwamba kutoa thuluthi mbili ilikuwa hasara, wakaamua kusubiri. Huku wakisubiri, viwanda vilizama katika madeni na wafanyakazi wakakosa malimbikizo ya mishahara yao.

Mnamo 2001, serikali ya jimbo iliifanyia marekebisho kanuni nambari 58. Mafungu matatu yalisalia, lakini kilichogawanywa kilibadilika. Badala ya kiwanja kizima, mgawo ungehusu ardhi wazi pekee, yaani sehemu ambayo haikuwa na jengo. Sehemu iliyokuwa na majengo ingebaki kwa mmiliki hata baada ya kuyabomoa na kujenga upya.

Kwa msomaji wa kawaida, badiliko hilo huenda lisionekane kuwa zito. Uzito wake hujitokeza pale mtu anapokumbuka jinsi viwanda vya pamba vilivyojengwa. Mabanda ya kusokota na kufuma, maghala na ofisi zilijaa kiwanjani, na nafasi iliyosalia wazi ilikuwa haba.

Chukua mfano wa kiwanda chenye ekari 15, ambapo majengo yamechukua ekari 12 na ekari tatu ziko wazi. Kwa kanuni ya 1991, baraza la jiji lingepata karibu ekari tano, mamlaka ya nyumba ekari tano na mmiliki ekari tano. Kwa kanuni ya 2001, zinazogawanywa ni zile ekari tatu tu. Jiji linapata ekari moja, mamlaka ya nyumba ekari moja, naye mmiliki anasalia na ekari 13.

Hakuna aliyefuta haki ya umma waziwazi. Thuluthi bado ilikuwa thuluthi. Kilichopunguzwa ni kile kitu chenyewe kilichokuwa kikigawanywa.

Serikali ilijitetea kwamba bila kuwapunguzia wamiliki masharti, viwanda vingeendelea kuoza na wafanyakazi wangeendelea kukosa haki zao. Fedha za mauzo, ilidaiwa, zingelipa madeni, marupurupu ya wanaostaafu na hata kufufua viwanda vilivyoweza kufufuliwa.

Mvutano mahakamani

Mnamo 2005, shirika la kutetea mazingira la Bombay Environmental Action Group liliwasilisha kesi katika Mahakama Kuu ya Bombay kupinga jinsi kanuni hiyo ilivyokuwa ikitekelezwa. Hoja kuu ilikuwa kwamba jengo linapobomolewa, ardhi iliyokuwa chini yake huwa wazi, na kwa hivyo inafaa kuingizwa katika mgawo.

Wakati huo huo National Textile Corporation ilikuwa ikiuza ardhi yake. Viwanda vitano vilivyouzwa mwaka huo viliiletea zaidi ya rupia bilioni 20. Kimoja tu kati ya hivyo, Mumbai Textile Mills, chenye ekari zipatazo 17, kilinunuliwa kwa rupia bilioni 7.02.

Mwaka huo pia jiji lilipata onyo kali. Mnamo Julai 26, mvua ya milimita 944 ilinyesha kwa saa 24 katika kituo cha kupimia hewa cha Santacruz, na mafuriko yakawaua mamia ya watu. Kutoka hapo, mjadala kuhusu nafasi za wazi haukuwa tena wa mahali pa watoto kuchezea tu, bali pia wa mahali pa maji kupenya ardhini.

Mnamo Oktoba 2005, Mahakama Kuu ilikubaliana na walalamishi. Furaha yao haikudumu. Machi 2006, Mahakama ya Juu ya India ilibatilisha uamuzi huo, ikashikilia kwamba marekebisho ya 2001 yalikuwa halali na kuidhinisha mauzo ya ardhi.

Baada ya hukumu hiyo, mabuldoza hayakuwa na kizuizi tena. Ardhi ya Shrinivas Mills ikaota mnara wa makazi wenye urefu wa mita 280. Phoenix Mills ilikuwa tayari imeanza kugeuzwa kuwa jumba kubwa la maduka na burudani. Kile kiwanja cha Mumbai Textile Mills kiliuzwa tena mnamo 2012 kwa zaidi ya rupia bilioni 27, karibu mara nne ya bei ya 2005.

Si kila kipande kilichoenda kwa wafanyabiashara. Ekari zipatazo 12 za Indu Mills, karibu na ufuo wa Dadar, zilitengwa kwa ajili ya kumbukumbu ya Dkt B. R. Ambedkar, mtetezi wa watu wa matabaka ya chini aliyeongoza kamati iliyoandaa katiba ya India. Ila mgao wa aina hiyo ulikuwa wa kipekee.

Watu wapya, reli ile ile

Matumizi ya ardhi yanapobadilika, idadi ya watu na nyendo zao hubadilika pia. Mfanyakazi wa kiwanda aliishi hatua chache kutoka kazini. Karani wa benki anayefanya kazi katika mnara uliochukua nafasi ya kiwanda hicho huja kwa treni kutoka vitongoji vya mbali.

Reli na vituo vya Parel na Elphinstone Road havikuwa vimepanuliwa kwa kadiri hiyo. Mnamo Septemba 29, 2017, asubuhi ya mvua, umati ulibanana kwenye daraja jembamba la miguu lililounganisha vituo hivyo viwili. Watu 23 walifariki katika mkanyagano. Miezi michache baadaye, daraja jipya lililojengwa na wanajeshi lilifunguliwa.

Kabla ya mwaka huo kumalizika, msiba mwingine ulitokea katika eneo lilo hilo. Usiku wa kuamkia Desemba 29, moto ulizuka katika mikahawa iliyokuwa juu ya jengo katika eneo la Kamala Mills, kiwanda cha zamani kilichogeuzwa kuwa ofisi na kumbi za starehe. Watu 14 waliangamia.

Mikasa hiyo miwili haikusababishwa na kanuni ya 2001 moja kwa moja. Lakini ilidhihirisha kasoro ya kubadilisha jiji kiwanja kimoja kimoja. Kila mwenye kiwanja alijenga ndani ya ua wake, huku barabara, madaraja na njia za kuepukia hatari vikibaki kuwa jukumu ambalo hakuna aliyelibeba kikamilifu.

Wanaosubiri nyumba

Je, wafanyakazi walipata nini? Waliobaki katika chawl walikingwa kwa kiasi na sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka wa 1947, ambayo ilifanya iwe vigumu kuwafurusha. Wengine walirejea mashambani au wakawa wachuuzi, walinzi na madereva.

Kutokana na shinikizo la vyama vyao, iliamuliwa kwamba sehemu ya nyumba zitakazojengwa katika ardhi iliyokabidhiwa MHADA itengewe waliokuwa wafanyakazi wa viwanda hivyo au warithi wao. Lakini kwa kuwa ardhi yenyewe ilikuwa imepungua, nyumba nazo zikawa chache.

Takriban watu 150,000 walituma maombi. Ilibidi nyumba zigawanywe kwa bahati nasibu. Droo ya kwanza, iliyofanyika Juni 2012, ilihusu nyumba karibu 7,000, kila moja ikiwa na ukubwa wa futi 225 za mraba na ikiuzwa kwa rupia 750,000. Droo nyingine zilifuata mnamo 2016 na 2020, lakini idadi ya waliopata imebaki kuwa ndogo mno ikilinganishwa na waombaji.

Baadhi ya nyumba zilizotolewa mnamo 2016 ziko Panvel, nje ya jiji. Serikali ya jimbo imependekeza nyingine zijengwe Vangani na Shelu, zaidi ya kilomita 70 kwa njia ya reli kutoka kituo kikuu cha kusini mwa Mumbai. Mnamo Julai 2025, wafanyakazi hao wa zamani na jamaa zao waliandamana katika uwanja wa Azad Maidan wakipinga mpango huo. Wanataka wapewe makao ndani ya jiji walilolijenga.

Ugumu uliopo sasa ni kwamba dai lao, hata likikubaliwa, halina ardhi ya kutosha ya kulitimiza. Ekari ambazo zingewafaa zimekwisha kujengwa na kuuzwa, na hakuna hukumu wala kanuni mpya itakayoziondoa ghorofa 60 zilizosimama juu yake. Sehemu ya umma katika ardhi ya mji huweza kulindwa kabla ya msingi kuchimbwa. Baada ya hapo kinachobaki ni kuomba.

Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 25 alipotoka kiwandani kwenda kugoma mnamo Januari 1982 sasa anakaribia kutimiza miaka 70. Wengi wa rika lake wamefariki, na fomu zao za kuomba nyumba ziko mikononi mwa watoto wao.